Kadi inayoonekana umeme ukikatika tu

*Swali:* Shikamoo fundi. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Mwaka huu nimejiungia kompyuta mwenyewe: Ryzen 5 2600, mazabodi ya B450, kadi ya picha, na diski mbili za SSD aina ya NVMe kwenye matundu ya M.2 ya mazabodi. Moja ina Windows 11 ninayohariria video za harusi, nyingine ina Ubuntu 22.04 ninayosomea programu. Niliagiza kadi ya Wi-Fi ya PCIe, Intel AX200, kutoka Kariakoo kwa elfu tisini. Windows inaiona kila siku. Ubuntu siku nyingine inaiona, siku nyingine haina habari nayo. Cha ajabu, umeme ukikatika usiku, nikiwasha Ubuntu asubuhi kadi ipo! Bluetooth sijawahi kuiona popote. Nilijaribu kuihamishia kwenye sloti ndefu ya chini ikapotea kwenye mifumo yote miwili, nikairudisha kwenye fupi. Fundi wa mtaani kasema kadi imeungua nusu, ninunue nyingine. Ninunue?

*Jibu:* Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu.

Kuungua nusu kupo, sikatai, lakini kadi iliyoungua haichagui mfumo. Haiwezi kuwa nzima ukiwa Windows, ikawa maiti ukiwa Ubuntu, kisha ikafufuka kwa sababu umeme wa mtaa umekatika. Barua yako ina malalamiko matatu na kila moja lina chanzo chake: Ubuntu kuiona kadi kwa msimu, Bluetooth kutokuwepo kabisa, na sloti ya chini kuimeza kadi. Mtu akiyafunga yote kwenye kifurushi kimoja lazima aseme "imeungua", maana hakuna jibu jingine linaloenea kote. Naanza na lile la umeme, kwa sababu hapo ulikuwa unajitibu bila kujua.

Neno "haionekani" lenyewe linatudanganya, kwa hiyo tulifumue kidogo. Kompyuta inapowashwa, kabla hata ya ile menyu ya kuchagua mfumo, BIOS, ile programu ya kwanza iliyomo kwenye mazabodi, hupita sloti moja baada ya nyingine ikipiga hodi: kuna mtu humu? Kadi iliyo hai huitika kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Namba ya Intel ni 8086, jina la chipu yao iliyotoka mwaka 1978, na ya AX200 ni 2723. Hapo mazabodi imeshaiona kadi. Baadaye mfumo endeshi unatafuta draiva, yaani programu ya kukiongoza kifaa, inayoijua namba hiyo, na draiva nayo inaipakia kadi fimuwea, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya kadi yenyewe. Hodi, draiva, fimuwea. Mtu anayesema kadi haionekani anaweza kuwa amekwama kwenye hatua yoyote kati ya hizo, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine.

Wewe una bahati ambayo mwenye Windows peke yake hana: una mashahidi wawili kwenye mashine moja. Wote wakisema kadi haipo, achana na mambo ya draiva. Tatizo liko chini yao, kwenye chuma, kwenye sloti au kwenye BIOS. Mmoja akiiona na mwenzake asiione, chuma ni kizima. Kesi ingeishia hapo, ila mmoja wa mashahidi hao ana tabia ya kuvuruga ushahidi kabla mwenzake hajafika.

Siku Ubuntu itakapokataa tena, usikimbilie kusakinisha chochote. Fungua terminali uandike:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Utapata mstari wa mtandao wa waya uliomo kwenye mazabodi, na natarajia utapata mwingine wenye 8086:2723. Ukiuona huo, kadi imeitika hodi, na yule aliyekuambia imeungua mwonyeshe. Siku nzuri chini yake patakuwa na maneno "Kernel driver in use: iwlwifi"; iwlwifi ndiyo draiva ya Wi-Fi za Intel. Siku mbaya mara nyingi namba ipo lakini mstari huo haupo. Kisha:

sudo dmesg | grep iwlwifi

Hapa keneli, yaani kiini cha Ubuntu, inasimulia ilivyohangaika. Tazama namba iliyo mwishoni mwa mstari wa kosa. Ikiwa ni -2, faili la fimuwea halikupatikana kwenye diski, na hilo hutatuliwa kwa kusasisha kifurushi cha linux-firmware. Ikiwa ni -110, draiva iliita, ikasubiri, muda ukaisha bila kadi kujibu. Faili halipotei Jumatatu likarudi Jumanne kwa sababu umeme ulikatika, kwa hiyo dalili zako zinaelekea huko kwenye -110: kadi ipo, imetaja jina lake, lakini imelala usingizi iliolazwa na mtu mwingine.

Aliyeilaza ni Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na kwenye mashine nyingi huja kikiwa kimewashwa. Ukibonyeza kuzima, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini kiini chake pamoja na hali ya madraiva havifungwi. Vinaandikwa kwenye diski ili ukiwasha tena viamke haraka, na vifaa vinaachwa katika hali ambayo Windows inatarajia kuvikuta nayo. Ni kama dereva wa daladala aliyepaki gari gia ikiwa ndani, breki ya mkono juu, akaenda kula ufunguo ukiwa mfukoni. Akirudi yeye anajua alivyoliacha. Akija deiwaka, yule wa kumshikia zamu, anakuta gari lipo, namba zinasomeka, abiria wanangoja, na haliondoki. Ubuntu ndiye deiwaka wako. Hata wanaotunza draiva ya iwlwifi wameonya kwenye maelezo yao kuhusu mashine za mifumo miwili zenye Fast Startup, kwa hiyo si wewe wa kwanza.

Umeme ukikatika kinatokea nini? Kompyuta ya mezani uliyoizima haijazimika kabisa. Pawasaplai inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri, ndizo zinazofanya kitufe cha kuwasha kiwe na uhai na ndizo zinazowasha kile kitaa kidogo unachokiona kwenye baadhi ya mazabodi usiku. Sehemu ya umeme huo wa kusubiri inafika mpaka kwenye sloti za PCIe. Kwa hiyo kadi yako usiku kucha inaweza kuwa inanyonya umeme kidogo huku imeshikilia hali iliyoachiwa. Umeme wa mtaa ukienda, na huo wa kusubiri unaenda. Kadi inasahau kila kitu, asubuhi inaamka kama ilivyotoka kiwandani, na deiwaka anakuta gari limetolewa gia. Wengine tukikatiwa umeme tunanung'unika. Wewe ulikuwa unapewa matibabu ya bure.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Mara tatu, zima Windows kama kawaida, washa moja kwa moja uingie Ubuntu, andika matokeo. Mara tatu nyingine, zima Windows, zima swichi ya nyuma ya pawasaplai au chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe, rudisha waya, washa Ubuntu. Kadi ikipatikana mara zote tatu za kuchomoa na ikapotea hata mara moja kwenye zile za kawaida, mwizi umemshika.

Kumfukuza ni rahisi. Ndani ya Windows fungua Control Panel, nenda Power Options, kisha "Choose what the power buttons do", bonyeza maneno yanayoruhusu kubadilisha mipangilio iliyofungwa, halafu toa tiki kwenye "Turn on fast startup". Mimi napendelea njia ya mkato. Fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

powercfg /h off

Hiyo inaondoa kabisa uwezo wa Windows kulala kwa kuandika hali yake kwenye diski, pamoja na faili la hiberfil.sys ambalo hula gigabaiti kadhaa. Mhariri wa video hawezi kulalamika kurudishiwa nafasi. Baada ya sasisho kubwa la Windows pita uangalie kama mpangilio bado uko ulivyouacha.

Jambo moja linawachanganya wengi: kwenye Windows, kuzima na kuwasha upya si kitu kimoja. "Restart" hufunga kiini kikamilifu, Fast Startup haihusiki. "Shut down" ndiyo inayoacha mlango wazi. Ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba kwake inakubali, na mwenzake mwenye kadi ileile akiapa haikubali; mmoja anahama mfumo kwa kuwasha upya, mwingine kwa kuzima. Ila Restart nayo haikati umeme wa kadi, kwa hiyo kadi iliyokwisha kukwama inaweza kubaki imekwama. Kama hata baada ya kuondoa Fast Startup utakutana na siku mbaya moja moja, ingia kwenye BIOS utafute neno ErP. Ukiliwasha, mazabodi inakata sehemu kubwa ya ule umeme wa kusubiri kila kompyuta inapozimwa. Gharama yake ni kwamba simu haitachaji tena kwenye USB kompyuta ikiwa imezimwa, na huwezi kuiwasha kwa mbali kupitia mtandao. Kwa matumizi yako sioni hasara.

Kuna faida nyingine kubwa kuliko hiyo ya kadi, na kama una harusi za watu kwenye diski naomba uitilie maanani. Fast Startup ikiwa imewashwa, sehemu za diski za Windows nazo zinaachwa zikiwa hazijafungwa. Ndiyo maana wakati mwingine Ubuntu inakataa kuandika kwenye diski ya Windows, au inakubali kusoma tu. Watu hukasirika, wakatafuta amri ya kulazimisha. Usilazimishe. Windows ikiamka ikakuta mafaili yamebadilishwa wakati yenyewe ina kumbukumbu ya zamani, unaweza kupoteza video, na bibi harusi haolewi mara ya pili ili urekodi upya.

Na kwa kuwa tumegusa mifumo miwili: ukiona saa inapishana kwa saa tatu kamili kila unapohama, betri ya mazabodi haina kosa. Windows huweka saa ya hapa nyumbani kwenye mazabodi, Linux huweka saa ya dunia, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Ubuntu inawapatanisha.

Sasa sloti ndefu ya chini. Hapa lazima nikiri kosa langu kwanza, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Nililetewa mashine kutoka Kongwa, ya jamaa anayerekodi kwaya. Alinunua kadi ya sauti ya PCIe, akaweka kwenye sloti ya chini ili iwe mbali na joto la kadi ya picha, wazo zuri tu. Haikuonekana Windows wala Linux. Nikasafisha meno, nikabadilisha draiva, nikasasisha BIOS, mwisho nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kadi imekufa. Akaagiza nyingine Dar, ikaja na basi, nikaipokea stendi ya Nzuguni mwenyewe. Nayo haikuonekana. Usiku ule ndipo nilipofungua kitabu cha mazabodi nikasoma maandishi madogo chini ya jedwali la sloti: sloti hii haitafanya kazi M.2 ya pili ikiwa na diski. Kadi ya kwanza ilikuwa nzima muda wote. Nilimrudishia pesa ya kadi ya pili, na mpaka leo iko kwenye kompyuta yangu hapa Majengo, inanipigia redio.

Kilichonipata mimi naona ndicho kilichokupata wewe. PCIe inasafirisha data kwa njia, na njia hizo zina idadi. Prosesa yako ya Ryzen 5 2600 ina njia 24: kwa kawaida 16 zinakwenda kwenye kadi ya picha, 4 kwenye M.2 ya kwanza, na 4 zinaunganisha prosesa na chipuseti, ile chipu ya mazabodi inayohudumia vifaa vilivyobaki. Chipuseti ya B450 nayo ina njia 6 tu za kugawa, tena za kizazi cha pili. Kwenye njia hizo 6 mtengenezaji wa mazabodi anataka kulisha mtandao wa waya, sloti fupi moja au mbili, sloti ndefu ya chini, na M.2 ya pili. Hazitoshi. Kwa hiyo bodi nyingi za B450 zinafunga bomba moja kwa koki mbili: ukifungua M.2 ya pili, sloti ndefu ya chini inakauka. Wewe una SSD kwenye M.2 zote mbili. Ukiihamishia kadi pale, unaiweka kwenye koki isiyo na maji, na hakuna draiva duniani itakayoiona.

Sijui ni bodi ya kampuni gani uliyonayo, na hazifanani. Nyingine hupunguza njia za kadi ya picha kutoka 16 hadi 8 badala ya kuua sloti. Kwenye nyingine, M.2 ya pili ikiwekwa SSD ya aina ya SATA, huzima soketi mbili za SATA. Jina la modeli limeandikwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi katikati ya sloti. Pakua kitabu chake kwenye tovuti ya mtengenezaji na usome kurasa za sloti pamoja na vile vijistari vya chini ambavyo hakuna anayevisoma. Urefu wa sloti usikudanganye pia. Imulike kwa tochi ya simu uangalie ndani: kwenye sloti nyingi za chini meno ya dhahabu yanaishia robo ya urefu, kwingine ni plastiki tupu.

Najua utajiuliza kama kadi inabanwa kwenye sloti fupi. Haibanwi. Njia moja ya PCIe ya kizazi cha pili inapitisha megabaiti 500 kwa sekunde kila upande. AX200 kasi yake ya juu kabisa ya kuunganika na ruta ni gigabiti 2.4 kwa sekunde, ambayo ni megabaiti 300. Bando lako halijafika hata karibu. Iache kwenye fupi, hapo ndipo mahali pake.

Bluetooth ndiyo rahisi kuliko zote, na inaudhi kwa sababu wauzaji hawaisemi. Kadi hizi zinabeba vitu viwili ndani ya ganda moja. Wi-Fi inapita kwenye PCIe. Bluetooth haipiti huko kabisa, inapita kwenye USB. Ndani ya boksi la kadi kulikuwa na kiwaya chembamba, upande mmoja plagi ndogo ya kuingia kwenye kadi, upande wa pili plagi pana ya matundu 9. Hiyo pana inachomekwa kwenye pini za USB 2.0 zilizo ukingoni mwa mazabodi, zilizoandikwa F_USB, JUSB au jina linalofanana na hayo. Pini moja imeachwa makusudi ili usikosee upande. Ikigoma kuingia, igeuze, usiisukume. Fanya kazi hiyo waya wa ukutani ukiwa umechomolewa. Kama waya huo hukupewa, mrudie muuzaji wa Kariakoo akupe, au utafute waya wa USB wa ndani kwa mafundi wa kompyuta, si kitu cha bei. Ukishaunganisha, andika lsusb upande wa Ubuntu. AX200 hujitambulisha kwa 8087:0029. Windows inaweza kuhitaji draiva ya Bluetooth kutoka Intel, ambayo hupakuliwa peke yake, tofauti na ya Wi-Fi.

Kuna wanaosoma hapa wenye tatizo linalofanana na lako kwa sura tu, hasa vijana wa UDOM wanaounga mashine za vipande vya mitumba. Kwao niseme machache. AX200 na AX201 zinapishana kwa tarakimu moja na kwa macho ni kama pacha, lakini AX201 si kadi kamili. Nusu ya kazi yake inafanywa na chipuseti ya Intel, kwa hiyo kwenye bodi ya Ryzen haitaonekana hata ukiiombea dua, na kwenye bodi ya Intel inataka kizazi kinachoikubali. Anayenunua kibao kitupu cha M.2 bila boksi asome lebo mara mbili. AX210 yenyewe ni kadi kamili, lakini inataka keneli 5.10 au mpya zaidi. Aliyebaki na Ubuntu 20.04 yenye keneli yake ya mwanzo, 5.4, ataiona namba tu bila draiva. Kwa kadi za Realtek za Wi-Fi 6 ushauri wangu ni uleule, weka Ubuntu mpya kwanza kabla ya kuhangaika kukusanya draiva kwa mkono. RTL8852BE, kwa mfano, iliingia kwenye keneli 6.2.

Na kuhusu Secure Boot, ulinzi wa BIOS unaokataa programu zisizosainiwa wakati wa kuwasha, ambayo kila mtu anakuambia uizime: kwako haihusiki. Draiva ya iwlwifi imo ndani ya keneli ya Ubuntu na imesainiwa. Secure Boot inakataa draiva uliyoikusanya mwenyewe bila kuisaini, na hata hapo kuna njia ya kusajili ufunguo wako badala ya kuizima. Kwenye Windows 11 kuichezea ovyo kunaweza kuifanya BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, ikudai ufunguo wa kurejesha diski ukiwasha mara inayofuata. Kama hujui ufunguo huo umeuhifadhi wapi, usiguse.

Vumbi nalitaja kwa sababu tuko Dodoma, na kuanzia Julai upepo ule unaingiza udongo mwekundu hadi kwenye friji. Ukiwa umefungua kesi, toa kadi, futa meno yake kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti ya kusafishia, isiyo na rangi wala manukato, ikauke ndiyo uirudishe. Usipulize sloti kwa mdomo, mate ni maji yenye chumvi. Kiangazi hewa ni kavu na umeme tuli unaruka kirahisi, kwa hiyo gusa chuma cha kesi kabla ya kugusa kadi, na usifanyie kazi juu ya zulia. Jambo la mwisho kwenye chuma ni skrubu. Kwenye kesi nyingi za bei nafuu tundu halijakaa sawa, ukikaza skrubu kichwa kinavutwa chini na mkia wa kadi unanyanyuka kutoka kwenye sloti, kiasi ambacho jicho halioni. Baada ya kukaza, bonyeza kadi tena kwa kidole gumba.

Ningekuwa wewe, jioni ya leo nikishamaliza zile mara tatu tatu za majaribio ningeanza na powercfg, kwa sababu haihitaji hata bisibisi. Kisha ningechomoa umeme, nikachomeka kile kiwaya cha Bluetooth, nikafunga. Zile mara tatu tatu zifanye kabla hujabadilisha kitu, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya. Ubuntu ikikataa tena baada ya yote hayo, nitumie picha ya majibu ya zile amri mbili za lspci na dmesg, siku hiyohiyo, kabla hujazima. Ukizima ukawasha, ushahidi unafutika.

Na antena zote mbili zikaze kabla ya kusukuma kesi ukutani. AX200 bila antena hukamata ruta ikiwa mezani pembeni yake na kuipoteza ukiihamishia sebuleni, na hapo utaniandikia barua nyingine.